Gego la Miaka Sita Halioti Mara Mbili



Leo nina neno na akina mama wa mwambao, kuanzia Bunju na Mapinga hadi Zinga, Kaole na Bagamoyo mjini. Mtoto wa miaka minane analia usiku kucha, shavu limevimba. Asubuhi tunampeleka hospitali, na neno letu la kwanza ni hili: "Daktari, ling'oe tu, litaota jingine."

Halioti. Gego la kwanza la ukubwani hutoka mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno ya utotoni. Halisukumi jino lolote nje, ndiyo maana wengi wetu hatujui hata kama limeota. Yako manne tu, mawili juu na mawili chini, na hayo ndiyo ya kutafunia mpaka uzeeni. Likitoka moja, majirani zake huanza kulalia pengo.

Njia ya kuliokoa ipo: kutibu mzizi. Daktari hupiga ganzi, hutoa kiini kilichooza, husafisha mirija ya mizizi, huijaza, kisha huziba jino. Kwa mtoto kuna jambo la ziada. Mzizi huendelea kukua kama miaka mitatu baada ya jino kutoka, na ncha yake huwa bado wazi. Kiini kikiwa hai, daktari anaweza kuondoa sehemu ya juu tu ili mzizi ukamilike. Kikiwa kimekufa, kazi huwa ndefu, kwani ncha lazima izibwe kwanza kwa dawa. Kuwahi ni nusu ya tiba.

Karafuu zetu zinatuliza, na mafuta yake hata madaktari wa meno huyatumia. Lakini maumivu yakinyamaza yenyewe, usishangilie. Huenda kiini kimekufa na usaha unajikusanya chini.

Najua utaniambia gharama. Kweli, kung'oa ni rahisi na siku moja kwisha. Kutibu mzizi ni safari zaidi ya moja, pengine mpaka Muhimbili. Na liko jino lililobomoka mno, ambalo kung'olewa ndiyo haki yake. Ila tuulize kwanza: "Daktari, hili linaokoka?" Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Tudai meno ya watoto yasiachwe nje ya huduma hizo.

Mswaki ni sunna tunayowafundisha mapema. Basi tusimamie na ule wa usiku, baada ya kashata na ubuyu. Na leo kabla hajalala, mwambie afungue kinywa, washa tochi ya simu, tazama kule nyuma. Ukiona kidoa cheusi, usingoje kilio.

Mtoto ni amana, na meno yake ni sehemu ya amana hiyo.