Mwenye Shaka Si Adui wa Imani

Yamkini hakuna swali linalowakera walimu wengi wa Elimu ya Dini ya Kikristo kama hili: je, Ukristo si dini ya mkoloni? Aghalabu mwanafunzi anayeliuliza hukemewa, huitwa mkaidi, kisha huamriwa aketi. Huketi, naam, lakini swali lake hubaki limesimama. Hutoka nalo darasani, na dini yenyewe huiacha humo.

Swali hilo lina jibu, ila ukweli hauna budi kutangulia utetezi. Muulizaji hasemi uwongo. Katika mgogoro wa tohara ya wasichana mwaka wa 1929, baadhi ya makanisa ya Ukikuyuni yaliwatenga waumini waliokataa kuikana mila hiyo, na watoto wengi wakakosa shule. Yafaa tohara hiyo ikomeshwe, lakini mtindo wa kuwalazimisha watu uliacha kovu. Mwalimu akikiri hayo hapungukiwi na kitu. Ndipo aeleze pia kwamba Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, miaka 51 kabla ya Uingereza kutangaza himaya yake hapa. Na kwamba Mfalme Ezana wa Aksum, katika Ethiopia ya kale, aliupokea Ukristo katika karne ya nne.

Kuna maswali mazito zaidi. Anayeuliza kwa nini Mungu mwema huacha watoto wafe, huenda amemzika nduguye juzi. Huyo hahitaji hoja kwanza, bali sikio. Kumwambia “sijui” si aibu. Aibu ni kumlaghai kwa jibu ambalo hata mwenye kulitoa halimtoshi.

Injili ya Yohana yasimulia kwamba Tomaso alipokataa kusadiki ufufuo, wenzake hawakumfukuza. Siku nane baadaye alikuwa angali pamoja nao. Lau wangalimfungia mlango, angalionyeshwa wapi majeraha aliyotaka kuyaona?

Wasioamini nao wana wajibu wao: waulize ili wajue, wasiulize ili wadhihaki. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 32, inamlinda anayeamini na asiyeamini vilevile.

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Basi mwalimu, kesho mkono ukiinuliwa darasani, usiutazame kama ngumi. Imani isiyostahimili swali la kijana wa kidato cha pili itastahimilije misukosuko ya dunia?