UBAO TUMELETEWA, MASIKIO YAKO WAPI?

Ndugu wanachama wa Samburu, Taru na Mackinnon Road, na ninyi mnaovuka Likoni kurudi Msambweni,

Kila asubuhi sasa twasimama robo saa mbele ya ubao wenye vikaratasi vya rangi. Kila mtu aseme jana alifanya nini, leo atafanya nini, na kizuizi chake ni kipi. Twaambiwa hii ndiyo "ajaili", yaani wepesi wa kugeuka, na ya kwamba watu wa kompyuta ndivyo wafanyavyo.

Kusimama hatukupingi, miguu tunayo. Twapinga kudanganywa.

Mambo haya yana asili yake. Februari 2001 waandishi wa programu 17 walikutana Snowbird, Utah, huko Marekani, wakaandika azimio fupi. Walisema watu na mazungumzo yao watangulie mbele ya taratibu na vyombo, na kufuata mabadiliko kutangulie mbele ya kung'ang'ania mpango. Ubao hawakuutaja. Vikaratasi navyo vina ukoo na viwanda vya Toyota, Japani, ambako fundi akiona kasoro huvuta kamba, na isiporekebishwa upesi kazi husimama.

Kwetu je? Kijana wa ofisi ya kompyuta alishuka njiani kuitazama programu ya kuandikia mabehewa. Akamkuta karani hana mtandao, anaandika daftarini ili anakili usiku. Kijana akalisema jambo hilo mbele ya ubao. Akajibiwa: mpango umekwisha tiwa sahihi mpaka Disemba. Kikaratasi chake kikahamishiwa upande wa "Imekwisha"! Na mwenzetu wa gengi aliyesema jeki yavuja mafuta alipewa barua ya onyo kwa kuchelewesha kazi. Tangu siku ile wakiulizwa vizuizi watu wote hujibu "hakuna", na mkubwa huandika kwamba mambo ni shwari.

Ajabu ni kwamba sisi wa reli moyo huo tulikuwa nao kabla ya ubao. Mtu wa gengi, mwenye mshahara wa chini kabisa, akiona reli imevunjika hutoa bendera nyekundu na treni husimama, hata awe amepanda waziri. Hangoji sahihi ya mtu. Nahodha wa Msambweni vilevile: upepo ukigeuka hugeuza tanga palepale, hamngoji mwenye chombo aliyelala Ukunda. Ninyi mnaotupa tanga na kutunyima usukani, mwataka twende wapi?

Wako wenzetu wasemao afadhali ubao kuliko kukosa. Hatukubali. Zamani aliyenyamaza alijulikana kuwa amenyamazishwa. Leo kimya chake kinaandikwa kuwa ni ridhaa.

Twataka barua ile ifutwe. Twataka aonaye hatari asimamishe kazi pasipo kuadhibiwa, na karani wa mabehewa aitwe programu yake inapopimwa. Katibu wa tawi atayapeleka haya kwa maandishi. Mpaka tujibiwe, asubuhi tutasimama kama kawaida, na kila mmoja wetu, zamu yake ikifika, atataja kizuizi kimoja tu: ile barua.