Mkaguzi wa Makuta ya Serikali Anajibu kwa Nani?



Kikundi kimoja cha komini ya Manika kimeniuliza: tangu Bwana Jules Alingete aondoke pale Inspection Générale des Finances, ile IGF, mwaka 2025, nani tena atawaogopesha wanaokula makuta ya serikali? Alikaa pale tangu 2020 na jina lake lilijulikana hata sokoni. Naelewa wasiwasi huo. Lakini mimi ningeuliza jambo lingine kwanza: mkaguzi huyo, awe mkali au mpole, nani anamweka na nani anamtoa?

Jibu ni fupi. IGF iko chini ya Rais wa Jamhuri. Ile APLC, idara ya kuzuia rushwa iliyoanzishwa Machi 2020, nayo iko chini ya ofisi yake. Rais anaweka, Rais anatoa, na ripoti inapanda kwake.

Hapa Kolwezi tuna sababu ya kuishukuru IGF. Mnakumbuka mkataba wa Sicomines wa 2008: kampuni za China zilipata asilimia 68 ya mgodi, upande wa Gécamines 32, na sisi tuliahidiwa barabara na hospitali za dola milioni 3,000. Februari 2023 IGF ilitoa ripoti ikisema zilizokuwa zimetumika kwa kazi hizo ni kama dola milioni 822 tu, kwa miaka karibu 15. Ubalozi wa China uliipinga ripoti. Hata hivyo watu walirudi mezani, na Machi 2024 mkataba ulibadilishwa: dola milioni 7,000 za miundombinu, milioni 324 kwa mwaka, ikiwa bei ya shaba inabaki nzuri. (Hilo la bei msilisahau. Shaba ikianguka, na barabara zinasubiri.)

Kazi nzuri, hatukatai. Lakini angalieni tarehe. Mei 2021 Rais Tshisekedi alikuja hapa hapa Kolwezi akasema wazi kwamba mikataba ya migodi iangaliwe upya. Kwa hiyo wakaguzi walipofungua vitabu vya Sicomines, mkubwa wao alitaka vifunguliwe. Siku faili itakapomgusa mtu wa karibu naye, yeye au rais mwingine yeyote atakayekuja, itakuwaje?

Jirani zetu wa Kenya walipita njia hiyo. Mwaka 2003 Rais Kibaki alimweka John Githongo kupambana na rushwa, ofisi yake ikiwa ndani ya Ofisi ya Rais. Githongo alifuatilia mikataba ya Anglo Leasing, na ufuatiliaji ukamfikisha kwa wakubwa wa serikali ile ile. Februari 2005 alijiuzulu akiwa London. Alikuwa na ujasiri wa kutosha, ila hakuwa na ukuta wa sheria nyuma yake.

Sisi bamama tunalijua jambo hili kutoka kwenye sanduku la kikundi. Lina kufuli tatu, funguo ziko kwa wanamama watatu, na rais wa kikundi hashiki hata mmoja. Hatumtukani kwa kufanya hivyo. Na siku ya kuhesabu, tunahesabu kwa sauti, wote wakisikia.

Je, nchi yetu haina sanduku la namna hiyo? Linaanza kuonekana. Katiba yetu ya 2006 inaweka Cour des comptes, mahakama ya hesabu, upande wa Bunge. Rais hawezi kuwateua wala kuwafukuza wajumbe wake kabla Bunge halijatoa maoni, na ripoti yake ya kila mwaka lazima itangazwe katika Gazeti Rasmi. Tena inakagua hesabu za majimbo na za komini, si za Kinshasa peke yake. Ina makelele kidogo kuliko IGF, na labda ndiyo sababu hatuizungumzii. Mimi ningependa IGF na APLC nazo ziwe na sheria ya Bunge: mkuu awe na muda maalumu, asitolewe bila sababu iliyoandikwa, na ripoti zisomwe na wote.

Kwa nini mama wa Dilala ajali? Kwa sababu ya asilimia 15. Kodi ya madini, ile redevance, sheria ya 2018 inaigawa hivi: 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini au sekta penye mgodi, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zile 15 ndizo za visima, dawa na shule za watoto wetu.

Basi mjumbe wa Bunge akirudi kutoka Kinshasa kutusalimia, mwulizeni kama ameisoma ripoti ya mwisho ya Cour des comptes. Na kwa burgumestri, mwende wengi, mchukue daftari, mwulize zile 15 zimefika kiasi gani mwaka huu na zimekwenda wapi. Atakachojibu tutakichapisha hapa.