Gita la Pili Lisiwe Pacha

Wapigaji wetu wana kasoro moja. Mwenye Stratocaster akijaaliwa pesa, hununua gita mfano wa lile lile. Nami nililifanya kosa hilo, wa nyumbani wakanuna, na haki yao.

Stratocaster, lililotoka 1954, lina sauti kali ya kupendeza, lakini sumaku zake za koili moja moja huvuma karibu na taa za harusi. La pili, kwa maoni yangu, liwe namna ya Gibson ES-335 la 1958, hata la bei nafuu. Koili mbili mbili huzima mvumo. Sauti ni nene. Ubao wa katikati hupunguza mluzi wa spika. Taarabu litapiga, na dansi pia.

Mvuvi mwenye mshipi haongezi mshipi, hutafuta jarife.