Pare Si Mkia wa Usambara

Anayesafiri kutoka Tanga kwenda Moshi huiacha Usambara mkono wa kulia, hupita nyika ya Mkomazi, na kabla hajafika Same huwa ameshaiona Pare. Machoni ni safu moja iliyokatika kidogo, na ndivyo inavyozoeleka kuhesabiwa hata katika mazungumzo ya uhifadhi: Usambara inatajwa kwanza, Pare inaletwa kama nyongeza. Toleo hili, linalohusu vinasaba vya watambaazi wa milimani, linaipinga hesabu hiyo, na shahidi wake mkuu ni kinyonga.

Ushahidi huo husomwa hasa katika mitokondria, sehemu ndogo zinazozalisha nishati ndani ya seli, nazo zina DNA yao wenyewe, fupi mno: kwa watambaazi wengi ni herufi kama 17,000 tu zenye jeni 37. Tofauti na ukoo wa Kipare unaomfuata baba, DNA hii kwa kawaida humfuata mama peke yake, na kwa kuwa haichanganywi na ya baba, mabadiliko yake hujilimbikiza katika mstari mmoja unaosomeka. Mtafiti huingia msituni usiku na tochi, maana kinyonga akilala kwenye ncha ya kijiti hupauka, na mwanga humnasa hapo hapo. Kipande kidogo cha mkia kinatosha. Akilinganisha herufi za vinyonga wa milima miwili, anaweza kukadiria ni muda gani umepita tangu walipokuwa na bibi mmoja.

Kazi ya namna hiyo imepangua mengi. Mwaka 2006 Tilbury, Tolley na Branch waliwatoa vinyonga wa misitu yetu katika jenasi Bradypodion na kuwapa jenasi yao, Kinyongia. Mwaka 2008 Mariaux, Lutzmann na Stipala walilivunja jina la fischeri lililokuwa limewafunika vinyonga wa milima kadhaa: fischeri mwenyewe akabaki Nguru na Nguu, multituberculata akawa wa Usambara Magharibi, matschiei na vosseleri wakawa wa Usambara Mashariki. Yule wa Taita, boehmei, aliyeelezwa mwaka 2002 kama nususpishi ya tavetana, akapewa hadhi ya spishi kamili. Naye tavetana, ambaye dume lake lina pembe mbili bapa puani, anaishi Pare, Kilimanjaro na Meru. Mwaka 2010 akaongezwa artytor wa Pare Kusini, nususpishi ya uthmoelleri, kinyonga aliyejulikana kwanza kutoka mlima Hanang, zaidi ya kilomita 200 upande wa magharibi. Kwa maneno mengine, nduguye wa karibu hayuko Lushoto, Usambara Magharibi, ng'ambo ya bonde.

Msomaji makini atauliza: mbona Rhampholeon viridis, kinyonga mdogo anayefanana na jani, yupo Pare na Usambara pia? Ni kweli, na sisi hatudai kwamba Pare haina undugu na Usambara. Tunachosema ni kwamba historia mbili zinakutana Pare, moja ikitoka kusini-mashariki na nyingine ikielekea Kilimanjaro na Hanang, na mahali pa namna hiyo hapawezi kusomwa kwa kuisoma Usambara pekee.

Pingamizi zito zaidi linahusu shahidi mwenyewe. Mwaka 2009 Castoe na wenzake walionyesha kwamba jeni za mitokondria, zikiachwa peke yake, huwaweka nyoka karibu na mijusi wa jamii ya agama, undugu ambao jeni za kiini cha seli zinaukataa. Protini za pande zote mbili zilikuwa zimebadilika kwa kufanana bila kurithiana. Onyo hilo tunalipokea. Ndiyo maana utafiti wa Tolley na wenzake wa mwaka 2011 una uzito: ulichanganya jeni za mitokondria na za kiini, na ukaona kwamba spishi nyingi za Kinyongia zilitengana mamilioni ya miaka kabla ya zama za barafu, misitu ya kale ilipokatika vipande.

Yupo pia atakayesema kwamba Kilimanjaro, volkano iliyoanza kujengeka miaka kama milioni 2.5 iliyopita, isingempata tavetana kama mababu zake hawakuvuka kutoka mahali pengine. Basi kama walivuka jana, watavuka na kesho. Hoja hii inasahau saa. Kuvuka kulihitaji tabianchi igeuke na unyevu ushuke hadi tambarare, mambo ya maelfu ya miaka. Leo kati ya mlima Shengena wa Pare Kusini na mlima wowote mwingine kuna nyika kavu, barabara kuu na mpunga wa Ndungu, na kinyonga wa msitu wa mawingu hana njia humo.

Majina haya si anasa ya wataalamu. Kabla Serikali haijasimamisha mwaka 2016 usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, vinyonga wa Usambara Magharibi waliuzwa kwa jina la fischeri, mnyama wa mlima mwingine, na hesabu ya jina lisilo sahihi hailindi mtu. Tunawaomba wanaoandaa mipango ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome na ya misitu ya Mwanga waorodheshe watambaazi mlima kwa mlima, na sampuli za vinasaba zihifadhiwe katika vyuo vikuu vya hapa nchini.