Roketi Hukodishwa, Mwalimu Hufunzwa

Asubuhi ya tarehe 15 Aprili 2023, kwa saa za kwetu, roketi ya Falcon 9 iliondoka Vandenberg, California, ikiwa imebeba setilaiti ya Kenya, Taifa-1. Tuliambiwa imegharimu takriban shilingi milioni 50, na siku nzima simu zetu zilijaa bendera na makofi. Wachache waliuliza roketi yenyewe ni ya nani. Ni ya SpaceX, kampuni ya watu binafsi, na Taifa-1 ilipanda kama abiria wa matatu: pembeni yake kulikuwa na setilaiti za nchi na kampuni nyingine, kila mmoja amelipa nauli yake.

Hapo ndipo ninapotaka tuanzie, makomredi. Usafiri wa kwenda angani sasa ni kitu cha kukodi. Kisichokodishwa ni mtu wa kumweleza mtoto wa Kilifi, Garissa au Busia kwa nini setilaiti ikishafika huko juu haianguki. Mtu huyo ni mwalimu, na wengi wetu tunaosoma jarida hili tumekuja chuoni kuisomea kazi hiyo. Tukiyaachia makampuni ya roketi kazi ya kufundisha watoto habari za anga, tutapata mashabiki wengi na wahandisi wachache.

Lakini tuwape haki yao kwanza. Desemba 2015 SpaceX ilifaulu kuitua wima sehemu ya kwanza ya roketi iliyokuwa imetoka kupeleka setilaiti angani, na Machi 2017 ikairusha tena sehemu iliyokwisha kutumika. Kabla ya hapo, roketi kama hizo zilitumika mara moja tu na mabaki yake yakaishia baharini. Ni kama ununue basi jipya kwa kila safari ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi, kisha ulitupe Athi River. Kufikia 2019 kampuni hiyo ilikuwa ikitangaza nafasi ya mzigo wa kilo 200 kwa dola milioni 1. Chama cha wanafunzi hakizimudu pesa hizo, lakini chuo kikuu au wizara inaweza kuzitafuta ikazipata.

Na majirani zetu wamefaidika, kama sisi. Mei 2018, setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ilikuwa mchemraba wa sentimita 10 kila upande, na ilifikishwa kituoni humo na chombo cha SpaceX. Mwaka 2022 ikafuata PearlAfricaSat-1, kazi ya vijana wa Uganda waliokuwa wakisoma Japani. Hiyo nayo ilibebwa na chombo cha kampuni, Northrop Grumman. Kwa hiyo sijaja hapa kuwatukana matajiri wa roketi. Nauli wameshusha kweli.

Tuje sasa kwenye elimu, kwa sababu makampuni haya huizungumzia sana. Septemba 2021, safari ya Inspiration4 iliwapeleka watu wanne kuizunguka dunia kwa siku tatu, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mwanaanga wa serikali. Rubani wa chombo hicho alikuwa Sian Proctor, mwalimu wa jiolojia katika chuo kimoja cha Arizona, na ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kuwa rubani wa chombo cha angani. Huyo ni mwalimu mwenzetu, jamani, na sijawahi kusikia jina lake kwenye muhadhara wowote wa elimu.

Blue Origin, kampuni ya Jeff Bezos, ina taasisi yake ya kuhamasisha watoto, Club for the Future. Mwaka 2021 kiti kimoja katika chombo chao cha New Shepard kilipigwa mnada kwa dola milioni 28, na sehemu ya fedha hizo ikagawiwa mashirika 19, kila moja dola milioni 1. Taasisi hiyo pia huwaalika wanafunzi kutuma postikadi. Postikadi zinapelekwa juu, zinarudi, zinagongwa muhuri kwamba zimefika angani, kisha mtoto anarudishiwa yake.

Ni zawadi tamu, sikatai. Lakini hebu tujiulize kama walimu: mtoto huyo amejifunza nini? New Shepard hupanda kidogo zaidi ya kilomita 100 na kushuka, safari nzima kama dakika 10. Kasi yake haifiki hata kilomita 4,000 kwa saa, wakati chombo cha kuizunguka dunia kinahitaji kama 28,000. Katika tofauti hiyo kuna somo zima la fizikia: kwa nini kimoja hurudi chini kama jiwe lililorushwa juu, na kingine kinaendelea kuzunguka ingawa mvuto wa dunia bado unakivuta? Postikadi haiwezi kumjibu mtoto. Inamwachia mshangao, na mshangao usipopata mwalimu hupoa kama chai.

Aliyelielewa jambo hili mapema ni Christa McAuliffe, mwalimu wa sekondari wa New Hampshire aliyechaguliwa na NASA kati ya walimu zaidi ya 11,000 walioomba. Alifariki pamoja na wenzake sita tarehe 28 Januari 1986, chombo cha Challenger kilipovunjika sekunde 73 tu baada ya kuruka. Masomo aliyokuwa ameyaandaa kuyafundisha kutoka huko juu yalikuwa ya kawaida kabisa: sheria za Newton, usumaku, tabia ya vimiminika, mimea inayokua bila udongo. Mengi ni mambo ambayo mwalimu wa Likoni anayafundisha kila mwaka. Mwaka 2018 wanaanga wawili waliowahi kuwa walimu, Joe Acaba na Ricky Arnold, walirekodi baadhi ya masomo hayo wakiwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kwa McAuliffe, anga lilikuwa ubao mpya wa kufundishia somo la zamani.

Sasa turudi nyumbani. Kutoka Malindi ukienda kaskazini utafika Ngomeni, na baharini huko yapo majukwaa ya chuma ya kituo cha Waitaliano, San Marco. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka hapo. Mojawapo, ya Marekani, iliruka tarehe 12 Desemba 1970, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza miale ya eksrei itokayo angani, na taarifa zake zilisaidia kuitambua Cygnus X-1, ambayo leo inahesabiwa kuwa shimo jeusi.

Kwa nini Waitaliano walikuja hadi Ngomeni? Karibu na ikweta ardhi inatubeba kuelekea mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki huanza safari ikiwa na kasi hiyo bure. Mwendo wa mviringo upo kwenye silabasi ya Fizikia ya Kidato cha Nne. Mfano tuliouzoea ni jiwe lililofungwa kwenye kamba. Mfano wa Ngomeni uko pale pale baharini, wavuvi wanaupita kila siku.

Nilipokuwa kwenye TP katika shule moja ya kutwa ya kaunti hii, niliwauliza wanafunzi wa Kidato cha Tatu ni nani anayemjua Elon Musk. Mikono yote juu. Nikauliza ni nani amewahi kusikia habari za setilaiti ya Uhuru. Kimya. Kijana mmoja wa huko huko Ngomeni alisema anayajua majukwaa, ila yeye alidhani ni ya kuchimba mafuta. Sikumlaumu. Nani alimwambia? Na sisi tunaoandaliwa kumwambia, nani ametufundisha namna ya kumwambia? Katika kozi zetu za mbinu za kufundishia nimepitia upangaji wa somo, uchoraji wa chati na usimamizi wa darasa, lakini sikukutana hata na somo moja la mfano linalotumia anga.

Najua swali linalokuja: shule hazina madawati, wewe unaleta habari za roketi? Swali ni la haki. Ila ninachokiomba hakimnyang'anyi mtoto dawati, kwa sababu sehemu kubwa yake haina bei. Kituo cha Kimataifa cha Anga huonekana kwa macho matupu magharibi au alfajiri kikipita juu yetu, na saa za kupita hutangazwa mtandaoni. Kiko takriban kilomita 400 juu na huizunguka dunia kwa dakika kama 90. Mpe mwanafunzi nusu kipenyo cha dunia, kilomita 6,370, aongeze 400, atafute mzingo wa duara, kisha agawanye kwa saa moja na nusu. Atapata zaidi kidogo ya kilomita 28,000 kwa saa, na jioni atatoka nje akaione hesabu yake ikipita.

Mwalimu wa Jiografia naye asiachwe nyuma. Picha za setilaiti za Landsat zimekuwa bure tangu 2008, na za Sentinel-2 za Ulaya pia ni bure. Kwa laptopu moja na bando la kawaida, darasa zima linaweza kuona Mto Sabaki unavyomwaga tope baharini Malindi, au kulinganisha mikoko ya Mida ya mwaka huu na ya miaka kumi iliyopita. Hapa pia kuna funzo la siasa. Picha hizi ni bure kwa sababu zinatokana na setilaiti za umma. Makampuni ya picha huuza zao, na hata yanapovipa vyuo sehemu kidogo bure, masharti ni yao. Kampuni haina kosa kutafuta faida, lakini mpango wa kufundisha watoto wetu hauwezi kusimama juu ya ukarimu wa mfanyabiashara ambaye kesho anaweza kubadili mawazo.

Ninachopendekeza, basi, ni mambo matatu. Kwanza, idara zetu za ualimu ziweke angalau somo moja la mfano la anga katika kozi za mbinu za Fizikia, Hisabati na Jiografia, na mkataba wa 2016 kati ya Kenya na Italia kuhusu kituo cha Malindi, ambao unataja elimu na mafunzo, utumike kuwapeleka Ngomeni walimu wanafunzi. Pili, chama chetu kiungane na wapenzi wa redio za ridhaa kuomba nafasi katika mpango wa ARISS, ambao huwaunganisha wanafunzi na wanaanga kwa redio kwa muda wa dakika kama kumi. Maombi hayo yanataka maandalizi ya mapema, kwa hiyo tuanze muhula huu. Tatu, kampuni yoyote itakayokuja chuoni na fulana na mabango ya roketi iulizwe swali moja: mtawafunza walimu wangapi?

Taifa-1 ilipelekwa na roketi ya kukodi na hakuna aibu katika hilo. Hata Waitaliano walirusha setilaiti zao Ngomeni kwa roketi za Kimarekani. Lakini wao walikuja na wahandisi wao, na wahandisi hao walianzia mbele ya mwalimu darasani. Wa kwetu wako Kidato cha Tatu leo, na Mei sisi tunarudi TP.