Kizuri hakijiuzi: Funzo la mvinyo wa Nantes kwa mkulima wa zabibu

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mkulima wa zabibu, methali hiyo ni nusu tu ya ukweli. Ushahidi upo magharibi mwa Ufaransa, karibu na mji wa Nantes, pale Mto Loire unapokaribia kumwaga maji yake katika Bahari ya Atlantiki.

Huko hutengenezwa mvinyo mweupe uitwao Muscadet. Zabibu zake ni za aina ya Melon de Bourgogne, iliyoenea baada ya baridi kali ya mwaka 1709 kuua mizabibu mingi. Wakulima waliichagua kwa sababu inastahimili baridi. Mvinyo wake ni mwepesi, hauna utamu wa sukari, na una ukali kidogo kama wa ndimu. Mwingi huachwa majira yote ya baridi juu ya mashapo ya hamira, ndipo hutiwa kwenye chupa. Mashapo hayo huuongezea ladha.

Sifa hizo ndizo zilizouozesha kwa vyakula vya baharini. Mfaransa akiagiza sahani ya chaza wabichi au sufuria ya kome, mara nyingi Muscadet huwa haiko mbali. Mvinyo huo hufanya kazi ileile ya ndimu kwenye samaki: hukata shombo na mafuta bila kufunika ladha. Wenyeji huunywa pia na samaki wa mtoni aliyemwagiwa mchuzi wa siagi, siki na vitunguu.

Kibiashara, hilo ni tangazo la bure. Kila anayeuza chaza anamuuzia na mkulima wa zabibu.

Lakini ndoa hiyo ilikuwa na kasoro yake. Muscadet ikazoeleka kuwa mvinyo wa bei rahisi wa kusindikizia chaza, basi. Wakulima wengi waliuza kwa jumla kwa wafanyabiashara wakubwa, na maduka makubwa yakashindana kushusha bei. Aprili 2008 baridi ikaunguza machipukizi, na waliokuwa wakiishi kwa faida ndogo hawakuwa na akiba ya kuwavusha. Tangu wakati huo maelfu ya hekta za mizabibu yameng'olewa.

Waliobaki hawakukaa kulalamika. Walitenga mashamba yenye udongo na mawe ya aina moja, wakajiwekea masharti magumu zaidi. Mwaka 2011 maeneo ya Clisson, Gorges na Le Pallet yalitambuliwa rasmi kuwa na daraja lake ndani ya Muscadet. Mvinyo wa Clisson na Gorges sharti ukae juu ya mashapo kwa miezi isiyopungua 24. Unapotoka huwa mzito zaidi, unafaa kwa kuku wa mchuzi wa maziwa au jibini, na bei yake hailingani na ile ya zamani.

Kwa maoni yangu, funzo ni hili: chakula humfungulia mkulima mlango wa soko, lakini bei hulindwa na daraja la ubora ambalo wakulima wenyewe wanalisimamia. Ukiwa na kimoja bila kingine, utauza sana na kubaki maskini.

Jambo hili linatuhusu. Chenin Blanc, zabibu nyeupe inayolimwa Dodoma, asili yake ni bonde hilohilo la Loire, juu zaidi mtoni. Dodoma ina bahati ambayo Nantes haina, ya kuvuna mara mbili kwa mwaka. Hata hivyo zabibu mbivu haziwezi kungoja. Mkulima asiye na mnunuzi wa uhakika hupokea bei yoyote anayotajiwa.

Je, ni hoteli ngapi za Dar es Salaam na Zanzibar zinazomwambia mgeni kwamba changu wa kukaanga au pweza anaendana na mvinyo mweupe wa Dodoma? Wasindikaji na vyama vya ushirika waketi pamoja na wapishi wa hoteli, waonje na wachague vyakula vinavyofaa. Sambamba na hilo, wakubaliane madaraja ya zabibu na bei ya kila daraja kabla ya mavuno kuanza. Wasisubiri hadi matenga yawe yamepangwa kando ya barabara.